Kumar Gandharva: Mwigaji Aliyegeuka Msikilizaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika nchi ya Wakannada kusini mwa India, kulikuwa na mtoto ambaye watu walijaa kumsikiliza akiimba kama watu wengine. Akipigiwa santuri ya Abdul Karim Khan au ya bingwa mwingine wa zama hizo, aliirudia yote kwa kinywa chake: maneno, mwendo, na yale madoido madogo ya sauti ambayo wanafunzi wa kawaida huyahangaikia kwa miaka. Hakuwa na mwalimu, wala kanuni za raga alizokuwa akiziimba hakuzijua. Wazee walitikisa vichwa kwa mshangao, baba yake akampandisha jukwaani, na kabla hajatimiza miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kuitwa muujiza.

Miujiza ya namna hiyo kwa kawaida haidumu. Sauti ya mtoto huvunjika, watu hupata kipya cha kushangilia, na kijana hubaki na sifa za jana. Huyu alidumu. Alipofariki mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waimbaji na watunzi waliobishaniwa mno katika muziki wa kiklasiki wa India Kaskazini, na lawama kubwa aliyotupiwa ilikuwa ya ajabu kwa mtu aliyeanza vile: kwamba hafanani na yeyote. Safari ya kutoka kuiga wote hadi kutofanana na yeyote ndiyo historia ya maisha yake.

Mpakani mwa miziki miwili

Jina alilopewa na wazazi ni Shivaputra Siddaramayya Komkali. Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1924 katika kijiji cha Sulebhavi, karibu na mji wa Belgaum, ambao leo huitwa Belagavi, jimboni Karnataka. Familia yake ilikuwa ya Walingayat, wafuasi wa mungu Shiva, na baba yake, Siddaramayya, alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki na mwimbaji pia. Kiongozi mmoja wa dini wa jamii hiyo alipomsikia mtoto akamwita Kumar Gandharva. Gandharva, katika visa vya kale vya Wahindu, ni waimbaji wa mbinguni. Jina la sifa likalimeza jina la kuzaliwa, na hadi leo wengi hawamjui kwa jina jingine.

Hakuzaliwa mahali pakavu. Ukanda ule wa Belgaum na Dharwad umetoa waimbaji wengi kupita kiasi kwa eneo dogo namna ile: Mallikarjun Mansur mwaka 1910, Gangubai Hangal mwaka 1913, Bhimsen Joshi mwaka 1922. Sababu zilikuwapo. Ni eneo la mpakani, ambapo muziki wa Kusini, unaoitwa Karnatik, ulikutana na ule wa Kaskazini, unaoitwa Hindustani. Vikundi vya maigizo ya Kimarathi, ambayo nusu yake huwa ni nyimbo, vilizunguka miji yake mwaka hadi mwaka. Abdul Karim Khan, mzaliwa wa kaskazini, alihamia Miraj, si mbali na hapo, akawa akipita katika miji hiyo kwenda kuimba kwa mfalme wa Mysore na kufundisha njiani. Mtoto wa huko aliweza kulala akisikia Kikannada na kuamka akisikia Kimarathi, na katikati ya lugha hizo mbili zikapita nyimbo za Kihindi. Kisha santuri zikaingia madukani, na muziki wa mabingwa ukaanza kufika hata mahali ambapo mabingwa wenyewe hawakufika.

Ili kuelewa kilichowashangaza watu, yafaa tujue muziki wenyewe ukoje. Nguzo yake ni raga: mpangilio wa sauti kadhaa wenye tabia yake, na njia zake za kupanda na kushuka. Kila raga ina sauti inayopendelewa na sauti inayoguswa na kuachwa, na mara nyingi ina saa yake ya siku au majira yake ya mwaka. Raga mbili zaweza kuwa na sauti zilezile zikawa viumbe viwili tofauti, kwa jinsi tu zinavyotembea. Nguzo ya pili ni tala, mzunguko wa mapigo unaorudi mwanzo kila unapomalizika. Ule uitwao tintal una mapigo 16. Mtindo mkuu wa uimbaji huitwa khayal. Ndani yake mwimbaji huchukua bandish, yaani wimbo mfupi uliotungwa, wenye mistari michache tu, kisha huufungua papo kwa papo kwa nusu saa au zaidi, huku tanpura, ala ya nyuzi, ikivuma nyuma yake bila kukoma na ngoma za tabla zikihesabu mzunguko. Tabla si ngeni kwa msikilizaji wa taarab ya Mombasa, hasa ile ya Juma Bhalo iliyochota kwenye nyimbo za filamu za Kihindi. Na filamu zile nazo zilichota sana kwenye raga.

Elimu hiyo haikuandikwa vitabuni. Ilipita kinywa kwa sikio ndani ya gharana, yaani koo za muziki zenye majina ya miji na vijiji zilikochipukia: Gwalior, Agra, Kirana, Jaipur, Patiala. Mwanafunzi aliishi na mwalimu, akamtumikia, akarudia anachosikia mpaka sauti yake ikawa sauti ya nyumba ile. Kuiga, kwa hiyo, halikuwa kosa hata kidogo. Ndiyo iliyokuwa njia ya kujifunza. Ila mwanafunzi wa kawaida alimwiga mwalimu mmoja. Mtoto wa Sulebhavi aliwaiga wote kwa pamoja, wala hakuwa wa nyumba yoyote.

Nyumbani kwa Deodhar

Mwaka 1935 aliimba katika mkutano wa muziki mjini Allahabad, na mwaka 1936 akaimba Bombay mbele ya mabingwa na wajuzi wa jiji hilo. Mwaka huohuo baba yake alimkabidhi kwa B. R. Deodhar, mwenye shule ya muziki Bombay. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wowote aliowahi kufanyiwa, kwa sababu Deodhar alikuwa mwalimu wa aina isiyopatikana kwa urahisi.

Deodhar alikuwa mwanafunzi wa Vishnu Digambar Paluskar, yule mrekebishaji aliyefungua shule ya muziki mjini Lahore mwaka 1901 ili elimu iliyofungiwa ndani ya koo na kasri za wafalme iwafikie watu wa kawaida. Kutoka kwa Paluskar alirithi imani kwamba muziki unaweza kufundishwa darasani, kwa maandishi na kwa maelezo. Yeye mwenyewe aliongeza udadisi wake: alisoma muziki wa Ulaya, alichunguza jinsi sauti ya mtu inavyotolewa na kutunzwa, na nyumba yake ilikuwa wazi kwa waimbaji wa gharana zote. Bade Ghulam Ali Khan wa Patiala alikuwa mmoja wa waliopita hapo. Deodhar aliwasikiliza, akawauliza maswali, akaandika nyimbo zao na maisha yao.

Kumar aliingia katika nyumba hiyo akiwa na miaka kumi na miwili na sifa za nchi nzima. Akaanza upya. Alipaswa kujua kila sauti anayoitoa inaitwaje na kwa nini imekaa pale. Alijifunza kuandika nyimbo na kuzisoma, kutenganisha raga zinazokaribiana, na kueleza kwa maneno kile ambacho hadi hapo koo lake lilikifanya lenyewe. Kwa mwenye kipaji cha kurudisha kila asikiacho, hilo ni zoezi zito: kujizuia asikirudishe mpaka akielewe. Na kwa kuwa Deodhar hakumfungia katika gharana moja, alizisikia zote kwa karibu, akaona nguvu za kila nyumba na mipaka yake. Anjanibai Malpekar, mwimbaji mkongwe ambaye alikuwa ameliacha jukwaa zamani, naye alimfundisha.

Kufikia umri wa miaka ishirini alikuwa akifundisha katika shule ileile, na watu walimtaja kama nyota inayochomoza. Mwaka 1947, mwaka wa uhuru wa India, alimwoa Bhanumati Kans, mwanamuziki mwenzake aliyesoma kwa Deodhar. Miezi michache baadaye, kikohozi chake kikapatiwa jina.

Miaka ya kunyamaza

Ilikuwa kifua kikuu. Wakati ule dawa ya uhakika haikuwa imewafikia wagonjwa wa India, na madaktari walishauri kile walichowashauri wote: hewa kavu, kitanda na subira. Kwa mwimbaji waliongeza sharti moja, kwamba asiimbe. Januari 1948, mwezi uleule alipouawa Mahatma Gandhi, Kumar na mkewe walihamia Dewas, mji mdogo katika uwanda wa juu wa Malwa, katikati ya India.

Dewas ulikuwa mji wa kipekee. Wakati wa Waingereza ulikuwa umegawanyika kati ya watawala wawili wa ukoo mmoja, tawi la wakubwa na tawi la wadogo. Mwandishi E. M. Forster alifanya kazi kwa mtawala wa tawi la wakubwa mwaka 1921 na baadaye akaandika kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Juu ya mji kuna kilima chenye hekalu la mungu wa kike Chamunda. Muziki haukuwa mgeni hapo: Rajab Ali Khan, mmoja wa mabingwa wakali wa khayal, aliishi Dewas, na Indore, mji wa mwimbaji mwingine wa khayal, Amir Khan, haukuwa mbali. Lakini kwa kijana aliyezoea kumbi za Bombay, Dewas ulikuwa upande wa pili wa dunia.

Huko alilala kwa karibu miaka mitano. Bhanumati alimuuguza, na akafanya kazi ya ualimu ili nyumba isife njaa. Waliomjua Kumar wamesimulia kwamba kilichobaki kwake wakati huo kilikuwa masikio tu. Alisikiliza ndege waliokuwa juu ya paa na upepo. Alisikiliza wanawake wa Malwa wakipita au wakikaa uani na nyimbo zao za harusi, za kuzaliwa mtoto, za sikukuu, za mvua, na ombaomba wa dini wakiimba mlango hadi mlango. Nyimbo hizi hazikuwa na jina la mtunzi wala la gharana. Nyingi zilijengwa kwa sauti tatu, nne au tano tu, zikizunguka mahali pamoja, na mwimbaji hakujali kama ukumbi unamsikiliza au la.

Zamani angesikia wimbo akaurudisha papo hapo. Sasa alikatazwa kuurudisha. Alibaki nao kichwani, akiugeuzageuza, akitafuta kwa nini sauti hii inafuata ile na kwa nini pale wimbo unapogeuka unamgusa mtu. Kile ambacho Deodhar alikianza darasani kwa nidhamu, ugonjwa ulikimaliza kwa nguvu.

Nafuu ilitoka mbali. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, iligunduliwa streptomaisini, dawa ya kwanza kuweza kweli kupambana na kifua kikuu. Ilimfikia Kumar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alipona, lakini pafu moja lilikuwa limeharibika kiasi cha kutofaa tena. Mwaka 1953 alirudi jukwaani, akiwa na miaka 29 na nusu ya pumzi ya waimbaji wenzake.

Pumzi fupi, fikra ndefu

Mashabiki wengi husimulia sehemu hii kwa haraka: alipoteza pafu, akalazimika kuimba vipande vifupi, ndipo mtindo wake ukazaliwa. Kuna ukweli ndani yake. Khayal ya wakati ule ilitukuza pumzi ndefu. Mwimbaji alianza na mwendo wa polepole mno, akajenga raga hatua kwa hatua, kisha akamalizia kwa taan, yale mabubujiko ya sauti za kasi yanayoweza kuvuka mzunguko mzima wa tala bila kukatika. Kumar hakuweza hayo yote tena. Alipendelea mwendo wa kati. Taan zake zilikuwa fupi na za ghafla, zikitoka kama cheche na kuzima. Katikati aliacha ukimya, wakati mwingine mrefu kiasi cha msikilizaji kudhani amesahau, na ndani ya ukimya huo tanpura ilisikika.

Na tanpura zake zilipaswa kusikika. Alijulikana kwa kuzilandanisha kwa muda mrefu na kwa ukali wa sikio uliowachosha wenziwe, mpaka nyuzi nne za kila moja zitoe, juu ya sauti zinazopigwa, zile sauti nyingine nyembamba zinazozaliwa ndani ya mtetemo. Kwake ukimya wa mwimbaji haukuwa pengo. Raga iliendelea kuwapo kwenye tanpura, naye akaiingia na kutoka.

Lakini pafu halitoshi kueleza yote. Wagonjwa wengi walipoteza pafu bila kubuni mtindo. Kumar alikuwa amekwisha kujiuliza, tangu Bombay, kwa nini kila raga iimbwe kwa utaratibu uleule, kana kwamba zote zina mwili mmoja na hutofautiana kwa mavazi tu. Raga ya huzuni ya alfajiri na raga ya mvua yenye vurugu zilijengwa kwa ngazi zilezile, polepole kisha haraka, chini kisha juu, kwa sababu ndivyo gharana ilivyozoea. Yeye aliona kwamba bandish yenyewe, maneno yake na umbo lake, ndiyo iamue wimbo uendeje. Ikiwa wimbo ni kilio cha mtu mmoja usiku, kwa nini usimalizike kilio kinapokwisha? Pumzi fupi ilimnyima njia ya zamani. Njia mpya ilibidi aitafute mwenyewe, na mahali pa kuitafuta alikuwa amepapata akiwa kitandani.

Raga zilizotoka kijijini

Alipopata nguvu alianza kukusanya nyimbo za Malwa kwa utaratibu, na kutoka kwenye mkusanyo huo akafikia msimamo aliousimamia maisha yake yote: kwamba raga hazikutungwa na wanazuoni. Kila raga, alisema, ilitoka katika wimbo wa watu wa kawaida. Wataalamu waliukuta ukiwa hai, wakaupanua, wakauwekea kanuni, kisha wakasahau ulikotoka. Kama ni hivyo, chemchemi haijakauka. Wanawake wa Malwa bado wanaimba, na ndani ya nyimbo zao bado zimo raga ambazo hakuna aliyezipa jina.

Hakuishia kwenye nadharia. Kutoka katika nyimbo hizo alizaa raga mpya akaziita kwa neno la Kihindi lenye maana kwamba zimechipuka katika wimbo wa watu. Miongoni mwake ni Malavati, Sanjari, Lagan Gandhar, Saheli Todi, Madhsurja na Bihad Bhairav. Kwa kumkumbuka Gandhi alitunga raga aliyoiita Gandhi Malhar, katika ukoo wa Malhar ambao ni wa raga za mvua. Mwaka 1965 alichapisha kitabu cha nyimbo zake, Anuparagvilas, chenye bandish katika raga za zamani na katika raga zake mwenyewe. Kwa mwimbaji wa wakati wake, kuweka kazi yake mezani namna hiyo, ikiwa imeandikwa ili kila mtu aipime, lilikuwa tendo la ujasiri. Mwanafunzi wa Deodhar alionekana humo.

Bandish zake hazikufuata tu mada za kawaida za mungu Krishna na wapenzi waliotengana. Aliingiza maisha aliyoyaona Dewas. Mfano mmoja unatosha. Katika raga Madhsurja, ambayo ni ya adhuhuri, anayesema ni mbuzi anayepelekwa kuchinjwa kafara, akimwomba Mama, yaani mungu wa kike, amwokoe kwa kuwa mwanawe amebaki peke yake nyumbani. Msikilizaji anayekijua kilima cha Chamunda anajua sauti hiyo imetoka wapi. Hapo adhuhuri, saa ambayo mabingwa wengi hawakuipa uzito, inageuka saa ya kufa.

Aliandaa pia maonyesho ya aina mpya. Badala ya mwimbaji kupanda jukwaani na kuchagua raga kadiri ya saa, Kumar alijenga jioni nzima juu ya jambo moja: nyimbo za mvua, nyimbo za majira ya baridi, nyimbo za machipuo, nyimbo za Malwa. Humo wimbo wa kijijini na khayal nzito vilikaa bega kwa bega, na msikilizaji akaweza kusikia kimoja kikizaa kingine.

Kabir na mayogi wa njiani

Jina la Kumar lilivuka mipaka ya wapenzi wa khayal kwa sababu ya kitu kingine: nyimbo za Kabir. Kabir alikuwa mfumaji wa Varanasi katika karne ya 15, mshairi aliyewakemea makadhi na makuhani sawasawa, akamwimba Mungu asiye na umbo wala sifa. Mashairi ya aina hiyo huitwa nirgun. Wanamuziki wa kiklasiki walizoea kuimba nyimbo za dini za upande wa pili, za Mungu mwenye umbo, mwenye filimbi na tabasamu, na waliziimba kwa utamu.

Huko Malwa, Kumar aliwasikia mayogi wa madhehebu ya Nath, wafuasi wa Gorakhnath, wakiimba Kabir kwa namna nyingine kabisa. Hawakubembeleza. Waliitupa sauti kama mtu asiyemdai mtu wala kudaiwa. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alipita karibu na nyumba yake wakati wa ugonjwa, na wimbo ule haukumtoka tena. Mjini Dewas palikuwapo pia mahali alipokaa Shilnath, yogi wa Nath, na hapo Kumar alipata hazina ya mashairi ya aina hiyo.

Alipoziimba mwenyewe, tatizo lilikuwa lile la utotoni. Kumwiga yogi wa njiani lingekuwa jambo rahisi kwake, na lingekuwa mchezo wa kuigiza tu. Kuzipamba kwa ufundi wote wa khayal kungeziua. Alichukua kitu kimoja kutoka kwa mayogi, ule utupaji wa sauti, akakiunganisha na usahihi wa sikio lake: sauti inaruka, inafika mahali pasafi kabisa, kisha inaachwa. Santuri za nyimbo hizo zilienda mbali kuliko khayal zake zote. Watu ambao hawakuweza kutofautisha raga moja na nyingine walimjua kama mwimbaji wa Kabir, na wako wanaomjua hivyo tu.

Miaka hiyo ya utunzi mkubwa ilikuwa pia na msiba. Mwaka 1961 Bhanumati alifariki wakati wa kujifungua mtoto wao wa pili wa kiume. Mwaka uliofuata Kumar alimwoa Vasundhara Shrikhande, mwimbaji aliyekulia Calcutta na kusoma kwa Deodhar kama yeye. Vasundhara alikaa kando yake jukwaani kwa miaka mingi, akishika tanpura na kuimba naye, hasa katika maonyesho ya nyimbo za Kabir na za washairi wengine wa dini, Surdas na Mirabai. Alikuwa mwimbaji kamili, ingawa kivuli cha mume kilikuwa kirefu; heshima za kitaifa kwa jina lake mwenyewe zilimfikia miaka mingi baada ya mumewe kufariki.

Kesi ya wenye gharana

Si kila mtu alifurahi. Kwa wazee wa gharana, Kumar alikuwa ameiba sehemu tamu za raga akaacha kazi ngumu ya kuijenga. Walisema anaikatakata, kwamba khayal bila mwendo wa polepole haina uti wa mgongo, kwamba udhaifu wa kifua unapewa jina la falsafa. Raga mpya nazo walizitilia shaka: mtu mmoja ana haki gani ya kuongeza kwenye urithi wa karne nyingi? Upande wa pili walisimama waliomfuata karibu kama mtume, waliosema kwamba wengine wote wanafanya mazoezi na yeye peke yake ndiye anayeimba.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Raga kubwa zina vyumba vingi, na mwendo wa kati hauwezi kuvifungua vyote. Anayemsikiliza Amir Khan wa Indore akiijenga raga kwa taratibu anajua ni kitu gani Kumar alikiacha. Lakini madai kwamba aliidharau mila hayasimami. Alizijua nyimbo za zamani kwa wingi na kuziimba kwa heshima. Alichokataa ni kuamini kwamba mila ni nyumba tu, kwamba mtu akishajua sauti ya babu wa mwalimu wake amemaliza. Kwake mila ilikuwa na mizizi chini ya nyumba zote.

Jambo hilo lilidhihirika alipomgeukia Balgandharva. Huyu alikuwa mwigizaji na mwimbaji wa jukwaa la Kimarathi, maarufu kwa kuigiza wanawake, na nyimbo zake zilikuwa kwenye midomo ya watu wa magharibi mwa India tangu Kumar angali mtoto. Mwigaji wa Sulebhavi angeweza kumtoa vilevile alivyo, na ukumbi ungelia kwa furaha. Alipoandaa onyesho la nyimbo hizo akiwa mtu mzima, aliliita kwa Kimarathi jina lenye maana ya Balgandharva jinsi nilivyomwelewa. Akaziimba kwa sauti yake, akionyesha ni nini katika kila wimbo kilichomfanya Balgandharva kuwa Balgandharva.

Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan mwaka 1977 na Padma Vibhushan, ya pili kwa ukubwa nchini, mwaka 1990. Hakuhama Dewas. Alifariki huko tarehe 12 Januari 1992, akiwa na miaka 67, karibu miaka 40 baada ya kurudi jukwaani na pafu moja. Jimbo la Madhya Pradesh lilianzisha tuzo ya wanamuziki vijana kwa jina lake, na mwaka 2014 sura yake ikawekwa kwenye stempu pamoja na za Ravi Shankar, Bhimsen Joshi, Mallikarjun Mansur na Gangubai Hangal. Mwanawe Mukul Shivputra, binti yake Kalapini na mjukuu wake Bhuvanesh wamekuwa waimbaji, na nje ya familia wako wengine waliosoma kwake, kama Satyasheel Deshpande na Madhup Mudgal.

Hata hivyo hakuna gharana ya Kumar Gandharva, na walio karibu naye hawakujaribu kuianzisha. Walioenea ni waigaji. Katika kumbi za India mtu hukutana na mwimbaji kijana mwenye mapafu mawili mazima, anayekata pumzi pale Kumar alipoikata na kunyamaza pale aliponyamaza. Wasikilizaji hutambua na kupiga makofi. Kijana huyo amefika pale alipokuwa mtoto wa Sulebhavi mbele ya santuri mwaka 1932, na hapo si mahali pabaya pa kuanzia. Kazi ya Deodhar na ya miaka mitano ya Dewas bado inamsubiri.